Chumvi ya Ngomeni na Oili ya Probox

Mimi mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, na katika Amu niliyokulia mzigo ulikuwa wa punda na safari ilikuwa ya mashua. Gari nimelijulia ukubwani. Nilipohamia Malindi kwa biashara ya samaki nilinunua Probox kuukuu, nikaliendesha miaka mitatu bila kujua hata kijiti cha kupimia oili kiko upande gani wa injini. Likilia, nalipeleka gereji. Lisipolia, nahesabu ni zima.

Njia yangu ni moja. Alfajiri natoka Malindi, navuka daraja la Sabaki, napita Mambrui na Gongoni, kisha nakata kulia kuingia Ngomeni. Huko nanunua kwa wavuvi changu, tafi, kolekole, na siku ya bahati nguru, nawapanga kwenye masanduku yenye barafu na kurudi nao mjini. Kwa siku si chini ya kilomita 70, siku sita kwa wiki. Lami inaisha ukiacha barabara kuu. Kutoka hapo ni vumbi, mchanga na mashamba ya chumvi. Ukifika Ngomeni ukajilamba midomo, unaionja chumvi yenyewe.

Septemba 2023 petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita, nilikaa na hesabu zangu usiku nikatafuta pa kupunguza. Nikapunguza servisi. Oili niliyokuwa nikibadilisha kila kilomita 5,000 nikaisogeza hadi 8,000, kisha ikafika 9,000 na mimi bado nasema wiki ijayo. Januari, asubuhi ya kaskazi kali, natoka Ngomeni na kilo 80 za samaki, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikadhani ni waya uliolegea, nikaendelea. Dakika chache tu injini ikaanza kugonga, mwanzo taratibu, kisha kama mtu anapiga sufuria kwa nyundo, kisha ikazima. Nilipogeuza ufunguo haikugeuka kabisa.

Nilikaa kando ya barabara nikisikiliza barafu inavyoyeyuka. Maji yalikuwa yakidondoka chini ya mlango wa nyuma, tone baada ya tone, na kila tone ni hasara. Pikapu ya rafiki yangu ilipofika, jua lilikuwa utosini na macho ya samaki yameshaingia ukungu. Niliwauzia mama wakaanga samaki kwa bei ya kuwaondoa tu.

Gari lilivutwa hadi kwa mzee mmoja wa Kigiriama mwenye kibanda cha ufundi Majengo. Watu waliniambia zamani alitengeneza mashini za mashua kabla hajashika magari. Hakuanza na injini. Alilala chini na kipande cha boksi mgongoni, akatoa filta ya oili, akatoka nayo mkononi.

"Mwanangu, hii ulibadilisha lini?"

"Mzee, mwaka jana nimeilipia mara mbili. Kule gereji ninakopeleka."

Akaigeuza akanionyesha pete ya kutu iliyozunguka pale inapokutana na injini, kutu iliyoshikana kama kigaga cha kidonda. "Umeilipia," akasema. "Kubadilishwa, haikubadilishwa."

Akafungua nati ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Kilichotoka hakikuwa cha kumiminika. Kilikuwa cheusi na kizito kama asali iliyoungua, kikakatika vipande. Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayesomesha: injini hii ya 1NZ haina mkanda wa ndani, ina cheni, na kinachoikaza cheni hiyo hutegemea msukumo wa oili. Ile VVT-i iliyoandikwa juu ya injini, mtambo wa kurekebisha wakati wa vali kufunguka, pia hufanya kazi kwa oili. Kwa hivyo oili si ya kulainisha vyuma tu. Ikiganda njiani, kila kitu kinachoitegemea kinakufa njaa, hata kama sampu imejaa.

Injini ya mtumba ilinigharimu shilingi 68,000, ufundi 12,000, kuvutwa 4,000. Shilingi 84,000 bila kuwahesabu samaki. Yule wa gereji alikosa, na nilikwenda kumwambia hivyo uso kwa uso. Lakini taa ilipowaka nilikuwa mimi kwenye usukani, na zile kilomita 9,000 nilizisogeza mimi.

Siku ya kulichukua gari, mzee aliniuliza neno ambalo sijalisahau. "Wewe mtu wa Amu. Baba yako hakuwa na chombo?"

Alikuwa nacho. Bamvua ikifika, baba aliipandisha mashua yake pwani, maji yakitoka inabaki imelala ubavu juu ya mchanga. Sisi watoto tunakwangua vilivyoota chini, yeye anapita na nyundo ndogo anagonga ubao mmoja mmoja akisikiliza. Palipofunguka anakalafati kwa pamba. Juu anapaka sifa, mafuta ya papa yanayonuka hadi wiki ya pili, na chini anapaka deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Fundi seremala aliitwa ubao ukioza, si kabla. Hakuna mtu katika mtaa wetu aliyeona ajabu mwenye chombo kukijua chombo chake. Na mimi, mtoto wa mtu huyo, nilikuwa nabeba rizki ya watoto wangu ndani ya chuma nisichokijua ndani wala nje.

Nikamwomba anifundishe. Hakukataa, ila aliweka sharti: kila kitu nikifanye kwa mkono wangu mbele yake mara moja, halafu nyumbani peke yangu. Jambo ambalo hajaniona nikilifanya, nisilijaribu.

Niseme wazi hapa kuhusu pesa, maana wengi huingia kwenye jambo hili na hesabu isiyo sawa. Malindi ufundi si ghali. Kubadilishiwa oili ni shilingi 500 hivi, na ukinunua oili kwenye baadhi ya maduka wanakubadilishia bure. Mimi hubadilisha mara nne kwa mwaka. Basi kwa kulala chini mwenyewe nimeokoa shilingi 2,000 kwa mwaka mzima, na spana, jeki na bakuli la kukingia oili vimenigharimu zaidi ya hapo. Anayefanya servisi yake ili asimlipe fundi atavunjika moyo mapema. Faida iko kwingine. Najua kwa macho yangu kwamba filta iliyomo ni mpya. Najua oili niliyoitia imetoka kwenye chupa niliyoikata muhuri mimi. Na kwa kuwa nalala chini ya gari kila baada ya miezi mitatu, naona kinachoanza kuharibika kikiwa bado cha shilingi 300.

Mara yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Jumapili uani, chini ya mwarobaini. Binti yangu wa miaka kumi na tatu alikuwa ameshika tochi. Niliwasha injini dakika tano ili oili ipate moto kidogo na kushuka vizuri, nikazima, nikafungua nati kwa spana ya 14, nikaiacha ichuruzike hadi ikawa matone. Nikatoa filta, nikapaka oili mpya kidogo kwenye mpira wa filta mpya, nikaikaza kwa mkono, bila chuma, kama nilivyofundishwa: mpira ukigusa, ongeza chini kidogo ya mzunguko mzima, basi. Nikabadilisha washa ya nati, ile pete ndogo ya kuzuia kuvuja, kitu cha shilingi chache ambacho wengi hurudisha ileile. Nikatia lita tatu na nusu, nikapima. Kila kitu sawa. Nikaingia ndani ya gari nikawasha.

"Baba, zima! Zima!"

Oili mpya ilikuwa ikimwagika mchangani kama bomba limepasuka. Nilizima papo hapo. Sekunde tatu, labda nne. Nilipotoa filta niliona kosa: mpira wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umeng'ang'ania kwenye injini, nami nimefunga mpya juu yake. Mipira miwili haishiki. Mzee alikuwa ameniambia, "Filta ikitoka, hesabu mpira," nami nilisikia lakini sikuelewa kwa nini. Lau binti yangu angekuwa ndani na mama yake siku hiyo, ningeua injini ya pili ndani ya miezi miwili. Tangu hapo yeye ndiye mkaguzi. Filta kuukuu ikitoka anaishika, anaugusa mpira kwa kidole, anasema "upo," ndipo naendelea. Nikimaliza, yeye anakaa nje kuangalia chini, mimi nawasha, na macho yangu yako kwenye taa nyekundu hadi izime.

Kuhusu jeki, mji wetu umejengwa juu ya mchanga, na mchanga ni adui wa jeki. Uliyoipandisha imenyooka, baada ya dakika kumi imeinama. Niliweka ubao mpana wenye unene wa inchi mbili chini yake, na sijawahi kuingiza hata bega chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nina stendi mbili za chuma nilizonunua Mombasa. Kuna watu hutumia matofali ya mawe ya matumbawe, yale ya kujengea. Nawaomba sana waache. Jiwe lile lina matundu ndani, na hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Kama huna stendi, lipeleke gari kwa fundi, hakuna shilingi 500 yenye thamani ya kifua chako.

Maji nayo yana habari yake. Visima vingi vya huku vina chumvi, wengine tunaijua ladha yake tangu utotoni. Kwa miaka mitatu nilikuwa najaza rejeta maji ya kisima kwa sababu ndiyo yaliyo karibu. Mzee alipofungua kifuniko, injini ikiwa baridi kabisa, alinionyesha ganda jeupe na kutu nyekundu iliyoshikamana mdomoni, akasema huko ndani kwenye vijitundu vyembamba ni vivyo hivyo. Tulisafisha mara tatu hadi maji yakatoka meupe, tukatia kulanti iliyochanganywa tayari, yale maji ya dawa ya kupoza injini. Hapa kwetu baridi ya kugandisha maji haipo, kwa hivyo watu huona kulanti ni anasa ya nchi za theluji. Lakini kulanti huzuia kutu ndani ya injini na huchelewesha kuchemka, na hayo mawili ndiyo shida zetu hasa. Siku hizi maji ya kisima hayagusi rejeta. Hata kuosha chini ya gari natumia maji ya bomba yanayotoka Baricho, kila Jumamosi, mpira wa maji nikiupitisha kwenye matao ya magurudumu na kingo za chini za milango, ambako matope ya Ngomeni hukaa na chumvi yake.

Betri pia huliwa na hewa hii. Tamino, vile vichwa vya betri vinavyoshika waya, huota unga mweupe wenye kijani, na asubuhi moja gari linatoa "tik" tu. Kabla ya kusomeshwa niliwahi kununua betri mpya kwa tatizo hilo, na ile ya zamani nikaitoa kwa bei ya chuma chakavu. Leo nafungua waya wa hasi kwanza, kisha chanya, namwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, nasugua kwa brashi kuukuu, nakausha, narudisha chanya kwanza na hasi mwisho, napaka vaselini juu. Robo saa.

Breki ndizo zilizonichukua muda mrefu kujifunza, na sioni aibu kusema niliziogopa. Nilifanya pamoja na mzee mara tatu, si moja. Gurudumu la mbele kushoto, pedi ya nje ilikuwa na unene wa kidole na ya ndani imebaki kama karatasi ya boksi, chuma kinakaribia kula diski. Nikadhani pedi ni mbovu. Kumbe pini za kalipa, kile chuma kinachozibana pedi, pini zinazoiruhusu iteleze, zilikuwa zimeshika kutu kwa chumvi, kwa hivyo pedi moja inafanya kazi ya mbili. Ningeweka pedi mpya tu, kama nilivyokuwa nikiwekewa, ningerudi baada ya miezi minne. Tulizitoa pini, tukazisugua hadi ziking'aa, tukapaka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake, hilo nalo nililijua siku hiyo. Pedi zilizofuata zimedumu zaidi ya mwaka na zinalika sawasawa pande zote mbili.

Hata hivyo, kutoa hewa kwenye mabomba ya breki sifanyi. Giaboksi siigusi, zaidi ya kupima mafuta yake na kunusa kama yameungua. Kupanga magurudumu kunahitaji mashine. Gesi ya ubaridi vilevile. Yale mzee hajaniona nikiyafanya, bado ni yale yale.

Ea klina, kichujio cha hewa ya injini, sina maneno mengi juu yake. Ukipita vumbi la Ngomeni kila siku, itoe kila wiki mbili uigonge kwenye ukuta, na usingoje kilomita zilizoandikwa kitabuni, hazikuandikwa kwa barabara hii. Upepo wa matairi, soma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upime asubuhi kabla gari halijatembea.

Binti yangu ana daftari la gari. Tarehe, kilomita, kilichofanywa, bei, na upande wa mwisho ameandika "kilichoonekana." Upande huo ndio mimi nauthamini. "Mpira wa ekseli unaanza kupasuka, kulia." Tukaubadilisha kabla grisi haijatoka yote na ekseli kuanza kulia kwenye kona. "Mkanda wa feni una mistari." Tukabadilisha. Mwaka ule wa injini, nikikusanya risiti zote, gari lilikula shilingi 137,000. Mwaka uliofuata, shilingi 46,500, oili na pedi na kila kitu. Tofauti hiyo ilinunua friza ya pili, na wakati wa kusi samaki wakiadimika ninayo akiba ya kuuza.

Kuna jamaa aliniuliza msikitini kama sioni vibaya kuwanyima mafundi mkate. Nilifikiri sana juu ya swali hilo, kwa sababu mtaa wetu unaishi kwa kazi za mikono. Jibu langu ni kwamba pesa yangu bado inafika kwa fundi, tena kwa fundi anayejua. Nikimpelekea mzee gari namwambia, "Kuna sauti gurudumu la nyuma kulia, inatokea nikipita matuta, ikiwa na mzigo tu," na yeye haanzi kubahatisha. Tunaelewana kwa dakika mbili. Naye hanidai kwa kitu ambacho hakukifanya, wala sijawahi kumshuku.

Oili chafu ilinisumbua mwanzoni. Majirani waliitaka wapake nguzo za ua dhidi ya mchwa, kama ilivyo desturi, nami nikatoa mara mbili. Kisha nikaangalia kisima chetu kilipo, hatua ishirini kutoka kwenye ua huo, na mchanga wetu unavyonyonya. Yanayoingia mchangani hapa yana njia mbili, kisimani au baharini, na bahari yenyewe ndiyo shamba langu. Sasa naijaza kwenye madumu, nayapeleka kwenye gereji moja inayokusanya kwenye pipa na kuuza kwa wanaoihitaji viwandani. Majirani wawili walinuna. Nimewaeleza, na nitawaeleza tena.

Kilichobaki kunishinda ni kutu ya nyuma. Maji ya barafu ya miaka ile mitatu, yenye chumvi na damu ya samaki, yaliingia chini ya zulia bila mimi kujua. Nilipolivua mwezi uliopita nilipitisha kidole kwenye sakafu ya buti hadi nikaliona jua la upande wa pili. Nimeziba masanduku, nimeweka trei ya plastiki chini yake, lakini chuma kilicholiwa hakirudi kwa kuoshwa. Fundi wa kuchomelea ameomba shilingi 9,000 na siku tatu gari likae kwake. Tumekubaliana Juni, bahari ya kusi ikichafuka na mashua za Ngomeni zikikaa juu. Binti yangu ameshaandika daftarini, na pembeni akaongeza kwa kalamu nyekundu nimkumbushe fundi kutoa waya wa betri kabla hajawasha mashine yake.